Wiki Niliyoshika Milingi

Jumatatu, 9 Juni

Mimi nilizaliwa na bahati. Wengine wanazaliwa na nywele nzuri, wengine na sauti, mimi bahati. Nikitupa ganda la ndizi, anateleza adui. Nikichelewa kazini, bosi kachelewa zaidi. Nimezunguka miji mingi. Nimeuza miwani ya jua msimu wa mvua, nimepika melini, nimelinda benki kwa filimbi tupu. Kote huko bahati ilinitangulia ikanitandikia kitanda. Shule tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Leo imebisha hodi tena. Mzee wa milingi, ile mashine ya kuchonga chuma, kaacha kazi. Macho yamechoka, daktari kamwambia mambo ya chuma basi, akae nyumbani atazame vitu vikubwa vikubwa, kama ng'ombe. Kaondoka na kikombe chake na mto wa kiti.

Shemeji akatukusanya. Huyu ndiye mwenye karakana, na pia ndiye mume wa dada yangu, kwa mpangilio huo, anavyojihesabu mwenyewe. Akatangaza kwamba milingi haina mtu. Nikanyoosha mkono kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nikasema milingi naijua tangu utotoni.

Kipara akacheka mpaka akashika ukuta. Kipara ni fundi wa mashine ya kukereza. Kichwa chake kinang'aa kana kwamba alikikereza mwenyewe siku ambayo kazi zilikuwa chache. Akasema ninachokijua mimi hapa ndani ni fagio na toroli, na hata hilo toroli bado tunazoeana.

Ni kweli nafagia. Ni kweli napeleka kazi za wateja kwa toroli, na natumwa chai. Lakini anayefagia anaona. Vinyoleo vya mashine ya Kipara, yale mabaki ya chuma ninayoyafagia, ni virefu, vimejikunja kama nywele za mwanasesere. Vya milingi ni vifupi vifupi, kama kucha za mtu mwenye haraka. Nani mwingine kaliona hilo? Hakuna.

Shemeji akanitahini mbele ya watu. Akauliza kukereza na milingi vinatofautianaje. Nikamjibu bila kumeza mate. Kwa Kipara chuma ndicho kinachozunguka, kisu kimekaa kinasubiri kama bibi harusi. Kwa milingi kisu chenye meno ndicho kinachozunguka, na chuma kimefungwa juu ya meza, kinapelekwa kwake polepole kama bwana harusi aliyebadili mawazo.

Shemeji akakuna kidevu. Akasema jibu ni sahihi, ila alitamani litoke kwa mtu mwingine.

Basi, kanipa kazi ya kujaribiwa. Ni ya Mama Dobi, mwenye duka la kufulia nguo barabara ya nyuma. Mtambo wake wa kukamua na kunyoosha shuka umepasuka kipande kimoja. Ni donge la chuma la ukubwa wa nusu tofali, juu bapa, katikati lina mfereji mnyoofu. Ndani ya mfereji huo ulimi wa mtambo unateleza kwenda na kurudi. Bila donge hilo mtambo ni kabati tu. Shuka za hospitali nzima zimelala kwake sakafuni. Jumamosi asubuhi mtambo usipowaka, hospitali inahamia kwa dobi mwingine, na wanawake wote wanaofanya kazi pale wanakwenda nyumbani.

Nikilichonga vizuri, milingi yangu moja kwa moja. Nikiharibu, milingi ya Kipara, maana naye anaitolea macho. Pale kuna dirisha, kuna kiti. Na mtu wa milingi hatumwi chai. Mimi katika maisha haya sitaki mambo makubwa. Nataka siku moja nimtume mtu chai.

Chuma cha aina ile vimebaki vipande viwili stoo. Nimemwambia shemeji cha pili akiweke mbali. Kitatumika siku nyingine.

Jumanne, 10 Juni

Nimevaa koti la bluu la mzee wa milingi. Linanifika magotini. Hadhi imeongezeka.

Kazi ya leo ni kulifanya donge liwe bapa juu. Kabla hujakata, unalibana kwenye jiliwa. Jiliwa ni zile taya mbili za chuma juu ya meza, zinabana kitu kama mkwe anavyobana mazungumzo. Shemeji akasema, kabla ya kubana, futa taya, futa chini ya donge, gongagonga kwa nyundo ya mpira likae sawasawa, kisha pitisha saa ya kupimia usawa uhakikishe. Nikaitikia kila neno. Shemeji ana tabia ya kueleza mambo kana kwamba watu tuna siku nzima.

Mpango wangu ulikuwa kasi. Nimalize kabla ya saa nne, Kipara aone aumie. Nikabana. Sikufuta. Vinyoleo viwili vitatu chini ya donge vina ubaya gani? Chuma kwa chuma, ni ndugu.

Nikawasha. Jamani, raha yake. Kisu kinazunguka, unazungusha gurudumu la mkono, meza inatambaa, na kila jino linapopita linachukua tonge lake dogo. Jino linaingia, linang'ata, linatoka, linapumua, linarudi. Ndiyo maana vinyoleo ni vifupi. Niliimba. Nilikumbuka nyimbo za melini.

Saa tatu na kitu nikamaliza. Linang'aa. Nikamwita shemeji kwa sauti ya mtu asiyetumwa chai.

Kipara akaja kabla yake. Akatoa gololi mfukoni, akaiweka juu ya donge langu, upande wa kushoto, akaiachia. Gololi ikatulia kidogo, ikafikiri, ikaanza safari. Ikavuka donge lote yenyewe, ikaongeza mwendo, ikaruka, ikaingia kwenye kikombe changu cha chai.

Nikasema nimeuweka mteremko kwa makusudi. Ni mtambo wa dobi, maji yanahitaji pa kwenda.

Shemeji akanitazama kwa muda, kama mtu anayesoma saa iliyosimama. Halafu akauliza kama nilifuta. Nikasema kufuta ni neno pana.

Bahati nzuri (mnaona?) donge ni nene, nyama ya kukata bado ipo. Akanisimamia mwenyewe. Nikafuta, nikagonga, nikapitisha saa ya kupimia, nikakata upya. Safari hii gololi ikakaa pale ilipowekwa kama mgeni mwenye adabu. Kipara akairudisha mfukoni bila kuipangusa chai.

Kwa nini mtu mzima anatembea na gololi mfukoni? Hilo hakuna anayeliuliza.

Jumatano, 11 Juni

Mama Dobi alikuja kutazama kazi yake. Mwanamke mpana, mwenye kauli, na amevaa gauni jeupe, jeupe lile la kumtangazia mtu biashara. Ukilitazama unajikuta unaficha kola yako.

Nilikuwa nimejiandaa. Penseli sikioni. Mikono imepakwa grisi kidogo, kwa urembo. Shemeji alikuwa anaongea na simu uani, nikaona hapa ndipo pa kuweka alama. Mteja akinisifu mbele ya shemeji, mambo yamekwisha.

Nikamkaribisha asogee. Nikamweleza kwamba kisu na chuma vikisuguana joto linapanda, meno yanaungua, kwa hiyo tunamwagia maji ya kupozea, haya meupe kama maziwa yenye mafuta ndani. Akasema kumbe. Nikasema ngoja uone. Akasema anaonea hapo alipo. Nikasema hapana mama, karibu kabisa.

Sasa kile kibomba cha maji kina bomba la kufungulia. Mzee alikuwa anakifungua kidogo, maji yatiririke. Mimi nikaona mbele ya mgeni kidogo ni uchoyo. Nikafungua chote. Na kisu nimekiweka mbio za mwisho, maana polepole haipendezi.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba kisu kinachozunguka kwa kasi hakipokei maji. Kinayarusha. Kinayagawa kwa watu wote kwa usawa. Ukutani, darini, kwenye kalenda, na mstari mmoja mnene kutoka bega la kushoto la Mama Dobi mpaka pindo la kulia. Kama mkanda wa mshindi wa urembo.

Nikazima. Dari linadondosha matone.

Mama Dobi akajitazama juu, akajitazama chini. Akasema kwa upole ulionitisha: "Mdogo wangu, gauni hili nitalifua wapi? Mtambo wangu si umelala, unakungoja wewe?"

Nikampa tambara. Lilikuwa chafu kuliko gauni lenyewe.

Kipara akatokea na kitambaa safi na kiti. Mnafiki. Akamwambia mama asijali, kijana ana moyo mzuri ila anautumia kama nyundo. Mama Dobi akacheka, akakaa, na hapo sauti ikabadilika. Akasema yeye gauni si kitu, amepakwa mengi maishani. Lakini wale wanawake wake watano wamekuwa wakifua shuka za hospitali kwa mikono toka juzi, vidole vimechubuka, na jana mmoja kamuuliza taratibu kama atafute kazi kwingine. Hakujua amjibu nini. Kaja kutuuliza sisi.

Nikamwambia amjibu asitafute. Niliweka mkono kifuani. Alama ya mkono bado iko kwenye koti.

Usiku huu sina utani mwingi. Vidole vyenyewe si vya kuchekea. Kesho mfereji.

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuiandika siku hii. Lakini shajara isiyoandikwa ni daftari.

Asubuhi nikachora mstari wa mfereji, nikabadilisha kisu, nikaweka kile kirefu chembamba. Shemeji akasema mfereji ukatwe kwa kushuka kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Kisu hiki ni kama kijiti cha meno, ukikitwisha mzigo kinavunjika. Akaenda chooni na gazeti.

Kipara akaja. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri ya familia, kwamba kuna njia mbili za kulisha chuma. Unaweza kukipeleka kikutane na meno uso kwa uso, chuma kinakuja huku meno yanakisukuma kirudi. Au unakipeleka kifuatane na meno, upande ule ule yanakoelekea. Ya pili inatoa uso laini kama kioo. Lakini kwa mashine hii, usithubutu. Ni kuukuu, skrubu ya meza imelika, inacheza. Ukifuatana na meno, kisu kinaivuta meza yote mara moja, na chuma kinakwenda nacho. Wewe pambana uso kwa uso tu, akasema, hata kama hakipendezi.

Nikamshukuru. Nikamwangalia akirudi kwenye mashine yake. Nikajiuliza: huyu mtu anataka milingi. Kwa nini aniambie ukweli? Mtu anayekutakia mabaya atakuambia ufanye kibaya, si kizuri. Kwa hiyo alichonikataza ndicho kizuri. Nimeishi miji mingi, siyo wa kudanganywa na kichwa kinachong'aa.

Nikaamua: kufuatana na meno. Na kwa kina chote, mkato mmoja. Kushuka kidogo kidogo ni kwa watu ambao hawajaona dunia.

Nikawasha. Nikazungusha gurudumu nusu mzunguko. Hiyo nusu ndiyo niliyozungusha mimi. Iliyobaki ilizungushwa na mashine yenyewe.

Meza iliruka. Kisu kililia, kikakatika. Donge likachomoka kwenye taya, likapita dirishani, kioo kilikuwa wazi, nashukuru, likavuka uani na kugonga mlango wa bati wa choo. Ule mlio. Kama kengele ya dunia. Ndege wote wa mtaa waliondoka.

Kisha mlango ukafunguka polepole, akatoka shemeji. Suruali mkono mmoja, gazeti mkono wa pili. Hakuwa na rangi. Alitazama donge, akatazama dirisha, akanitazama mimi ndani ya dirisha, na penseli sikioni.

Nikasema: "Shemeji, umeumia?"

Akasema hapana, lakini alichokwenda kukifanya kimefanyika chote kwa pamoja.

Donge limepinda pembe na lina jeraha refu tumboni. Halifai. Kipara alisimama kando, kapauka. Nilitegemea acheke. Akauliza kama vidole vyangu viko kumi. Tukahesabu wote wawili. Vipo.

Jioni mezani kwa dada, shemeji kaongea na sahani. Kasema kipande cha pili, cha mwisho, kesho kinakwenda kwa Kipara. Mashine pia. Mimi nirudi kwenye toroli, penye magurudumu ninayoyaelewa. Dada akamwongezea maharage. Nilipokuwa naosha vyombo akaja akasimama karibu. Akasema ufunguo wa karakana unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwamba yeye kesho asubuhi ana usingizi mzito sana.

Dada ni dada.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefika karakana jua likichungulia. Peke yangu. Mpango: Kipara akija akute donge limekwisha, mfereji umenyooka, mimi nimekaa kwenye kiti nasoma gazeti la shemeji.

Na nawaambia, nilifanya kazi. Nilikitoa stoo kile kipande cha mwisho. Nilifuta taya mpaka nikajiona ndani yake. Nikagonga, nikapima. Nikasawazisha juu, nikaweka gololi (niliikuta kwenye meza ya Kipara), ikatulia. Nikabadilisha kisu, nikaweka chembamba cha akiba. Maji yakitiririka kidogo, kama mtoto mwenye mafua. Nikashuka tabaka moja, nikarudi, nikashuka tabaka jingine. Uso kwa uso, kama Kipara alivyosema. Ngumu, chuma kinagoma kidogo, unausikia ugomvi mpaka kwenye kiwiko. Lakini kilikwenda.

Nikamaliza. Nikachukua ulimi wa mtambo, ule Mama Dobi aliotuletea wa kupimia, nikauingiza kwenye mfereji. Ukateleza mpaka mwisho, ukarudi, bila kugonga huku wala kule. Sauti yake ni kama mtu anayesema "aaah" baada ya chai ya kwanza.

Nilikaa chini. Nilikaribia kulia, sitaki kusema uongo humu. Nilikuwa nimetengeneza kitu. Mikono hii iliyouza miwani kwenye mvua. Niliwaona wale wanawake wamekaa, vidole vimepumzika. Nilijiona mimi kwenye kiti dirishani nikimwambia mtu, bila kugeuka, sukari vijiko viwili.

Hapo ningesimama. Mtu mwingine yeyote hapo angesimama.

Lakini nikauinamia ule mfereji, nikaona kuta zake zina mistari. Midogo. Alama za meno. Kazi inafanya kazi, lakini haing'ai. Na Kipara mwenyewe si alisema kufuatana na meno kunatoa uso kama kioo? Jana nilikata kina chote ndiyo maana. Leo ni unywele tu. Unywele mmoja, mara moja, ukuta mmoja, ing'ae. Shemeji ajitazame humo achane nywele.

Nikawasha. Nikafuatana na meno.

Unywele ule meza iliupokea, ikashukuru, ikaongeza wake. Kisu kiliuvuta ukuta wa kushoto kama mtu anayevuta shuka upande wake wa kitanda. Ilikuwa fupi. Nilizima haraka, nasifu mkono wangu. Lakini mfereji sasa ni mpana. Ulimi ukiuweka unayumba kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Na ukuta huo unang'aa. Sijawahi kuona kitu kinachong'aa vile.

Nikakaa na bahati yangu tukafikiri. Watu wako njiani. Nikaona sabuni ya kunawia mikono, ile ya mche, ya ndimu. Nikaikata, nikaichanganya na unga wa chuma kutoka sakafuni, nikaukanda, nikauziba upande wa kushoto, nikaulainisha kwa kijiko. Rangi ikakubali kabisa. Ukisimama mbali kidogo, na kama hujalala vizuri, huoni kitu.

Wakaingia pamoja. Shemeji akaliona donge, akasimama. Akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, lina maji maji. Akasema, shemeji, umefanya hili mwenyewe? Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, kila sehemu yake.

Kipara akachukua ulimi, akauingiza, akausukuma. Ukateleza. Akauvuta. Ukatoka na povu.

Akanusa. Akasema leo milingi inanukia ndimu.

Sikungoja kuulizwa. Nilisema yote, unywele, ukuta, kijiko. Shemeji alikaa kwenye kile kiti cha dirishani, kwa kishindo. Akasema chuma kimekwisha. Hakuna kingine. Kesho asubuhi. Akasema hayo kwa sakafu.

Nikajitolea kwenda kumwambia Mama Dobi mwenyewe, ana kwa ana. Nilikuwa nimeshavua koti.

Kipara akasema niache kuaga kama msafiri, nimletee kalipa, kile kipimo cha upana. Akapima mfereji. Akapima ulimi. Akaguna. Akasema ukuta wa kulia uko sawa, chini kuko sawa, kwa hiyo huyu bwana kaharibu upande mmoja tu, kwake yeye hayo ni maendeleo. Akasema tuutanue upande huo zaidi, uwe mnyoofu, halafu tuweke hapo bamba jembamba la shaba, tulikaze kwa skrubu. Shaba ni laini, ulimi utateleza vizuri, na likilika siku moja linabadilishwa bamba, si donge.

Shemeji akainua kichwa. Akasema ingewezekana. Kipara akasema itawezekana, ila mtu huyu akae mbali na sabuni.

Wameshika kazi mpaka jioni. Kipara kwenye gurudumu, shemeji akisugua shaba kwa tupa. Mimi nilifuta, nikashika taa, nikamwagia maji kidogo kidogo. Na nilitumwa chai. Nilikwenda mbio.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelipeleka kwa toroli asubuhi, limefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Kipara alikuja kulifunga kwenye mtambo. Akakaza, akaingiza ulimi, akamwambia Mama Dobi awashe mwenyewe.

Ule mtambo ukashtuka, ukakohoa, ukaanza. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na shuka ya kwanza ikatoka upande wa pili imekamuliwa, imenyooka. Mama Dobi kaishika ile shuka kwa mikono miwili kama anaitambua sura. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja, yule mwembamba mwenye vidole vimefungwa vitambaa, akasema basi lile swali la Jumanne asiliulize tena. Mama Dobi akasema ni swali gani, yeye hakumbuki.

Wakauliza nani katengeneza. Kipara akawa anatazama viatu vyake. Nikasema tumetengeneza wote: mimi nilitengeneza pengo, yeye akaliziba. Wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye beseni. Wakasema wanaume wengi kazi zao ni hiyo ya kwanza.

Shuka za hospitali zilikuwa mlima. Nikabaki. Nimeanika, nimekunja, nimebeba mpaka mchana umepita. Hakuna aliyenituma. Yule mwembamba alinifundisha kukunja shuka ya watu wawili peke yangu, kwa kidevu, akasema najifunza haraka. Sijawahi kusifiwa hivyo na chuma.

Gari la hospitali likaja, likapakia, likaondoka. Hawakujua kitu.

Jumapili, 15 Juni

Chakula cha mchana kwa dada. Shemeji katangaza rasmi: milingi ni ya Kipara. Kiti, dirisha, vyote. Kasema bila ukali, kaniwekea na nyama. Kasema mimi moyo ninao, tena mkubwa, lakini moyo hauna vipimo. Dada kanikanyaga mguu chini ya meza nisijibu. Nilitafuna.

Nimerudi chumbani, nimelala chali, nimechunguza kwa makini kilichoniangusha. Si kisu. Kisu kilikuwa kikali. Si jiliwa, si maji, si ile skrubu inayocheza, masikini, ni uzee tu. Si mimi pia. Mimi nilikuwepo mwanzo hadi mwisho na sikuona kosa lolote. Na ule ukuta uling'aa, jambo hilo hakuna anayelisema.

Halafu nikaketi ghafla kitandani. Kama Kipara kahamia milingi, ile mashine ya kukereza anaishika nani?

Nimevaa viatu nikavuka ua. Nikamkuta shemeji kibarazani na gazeti. Nikamwambia kukereza nakujua tangu utotoni. Kisu kimetulia, chuma ndicho kinachozunguka, kitu gani kinaweza kuruka hapo? Alikunja gazeti, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Huo ndio mwanzo wa mazungumzo, mimi nawajua watu.

Kesho nitawahi. Nimeshafikiria mpango. Nitaipa mbio za mwisho, mkato mmoja, Kipara asinione mpaka nimemaliza.

Safari hii siitegemei bahati, maana kumbe ndiyo iliyokosekana. Ile niliyojigamba nayo Jumatatu ni uongo mtupu. Sina. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.